Jumatano za Baba na Mzee Gordon

Habari ilinifikia Jumatatu, saa nne asubuhi, nikiwa dukani napima turubai. Mteja alikuwa mama mmoja wa Usenge aitwaye Maximilla, ambaye kila mwaka hununua kwetu turubai la kuanikia omena, wale dagaa wa ziwani. Simu ikalia mezani. Alikuwa Janice, mke wa kaka yangu Ndegwa. Asubuhi ile ilikuwa zamu yake ya kukaa na Baba hospitalini.

"Waithera," akasema, "uko peke yako?"

"Niko na mteja."

"Basi kaa chini kwanza."

Sikukaa. Nilimwambia aseme tu. Akasema Baba alikunywa uji nusu kikombe, akaomba ageuzwe aelekee dirishani, na daktari alipopita saa tatu na nusu alimkuta ameshatuacha.

Sijui kwa nini nilimaliza kukata lile turubai. Mama Maximilla alitaka mita sita, nikamkatia nane. Aliona kosa. Alinishika mikono yote miwili akasali kwa Kijaluo palepale, kati ya mabunda ya kamba na vyandarua. Sikuelewa kila kitu, lakini nilisikia jina la Nyasaye, yaani Mungu, mara nyingi, na alipomaliza nikasema amina.

Baba yangu aliitwa Ndirangu. Alizaliwa Ol Kalou, kule Nyandarua, akaja Kisumu mwaka wa 1981 na cherehani moja ya miguu iliyofungwa juu ya basi. Alipanga kibanda nyuma ya soko la Jubilee akawa anashona mahema, mifuko na magunia makubwa. Hakuwa mtu wa kusema sana kanisani wala barazani. Ukitaka kumjua ilikubidi ujue alikuwa wapi siku ya Jumatano baada ya saa nane mchana, na ili nieleze hilo lazima nianze na tanga.

Ilikuwa mwaka wa 1986. Mimi nilikuwa na miaka miwili, kwa hiyo nasimulia nilivyosimuliwa. Siku moja alifika kibandani seremala mmoja wa bandarini, mtu wa Dunga, jina lake Gordon. Alikuwa na mashua yake ndogo, na kitambaa cha merikani begani. Akaomba ashonewe tanga. Baba hakuwahi kushona tanga, lakini hakusema. Alipima kwa rula, akaunganisha vipande, akapiga pindo maradufu pembeni, akalikunja vizuri kama kitambaa cha meza ya Bwana. Baada ya siku mbili Gordon akalirudisha, akalitupa juu ya cherehani.

"Okuyu," akasema, kama Wajaluo wanavyomwita Mkikuyu, "hii ni kitu gani?"

"Ni tanga."

"Hii ni pazia, bwana. Nitaitundika kwa dirisha ya mke wangu, Mama Akinyi, awe anafungua asubuhi anaangalia ng'ombe."

Baba aliudhika. "Nimeshona kwa rula. Nionyeshe mshono mmoja uliopinda."

"Hiyo ndiyo shida sasa. Umenyoosha mpaka upepo haina mahali ya kukaa. Tanga lazima iwe na tumbo."

Baba hakuelewa kitambaa kinawezaje kuwa na tumbo. Gordon akamwambia aje majini ajionee mwenyewe. Hapo ndipo shida ya siku ilipoanza. Baba alikuwa Mpresbiteri, na Jumapili kwake haikuwa siku ya kucheza na maji. Gordon ni Msabato, na Jumamosi yake anampa Mungu tangu jua linapotua Ijumaa. Siku nyingine Baba yuko kwenye cherehani na Gordon yuko bandarini. Walipohesabu siku kwa vidole ikabaki Jumatano, kwa sababu siku hiyo zamu ya Gordon ilikwisha mapema.

Baba alikuwa hajawahi kupanda chombo chochote cha majini. Gordon husema aliukumbatia mlingoti kama mtu aliyemwona ndugu yake aliyepotea. Lakini macho yake yalikuwa kwenye tanga. Aliona jinsi lilivyokunjamana, likapigapiga, likaachia upepo upite. Waliporudi ufukoni alilichukua, akafumua mishono yote, akakata ukingo wa kila kipande kwa mviringo mdogo ambao jicho haliuoni, akashona upya. Lile tanga lilidumu miaka tisa. Wavuvi wakaanza kuja kwake kutoka Dunga, Usoma, hata ng'ambo ya ghuba, mpaka injini zilipoenea na watu wakawa wanataka turubai na vyandarua tu. Hata hivyo, tanga la Gordon Baba aliendelea kulishona mwenyewe kila lilipochakaa.

Na kila Jumatano saa nane alifunga duka. Mama, Mungu amrehemu, alinung'unika miaka mingi. Alisema mfanyabiashara gani anafunga katikati ya wiki aende kukaa majini bila ndoano wala wavu. Baba alijibu kwamba anakwenda kukagua mishono. Mwishowe Mama akazoea, akawa anamfungia chakula kwenye bakuli.

Kuna jambo moja nitalisema kwa ufupi, kwa kuwa yeye hakupenda kulizungumza. Mwanzoni mwa 2008 duka lilichomwa kwenye ghasia za baada ya uchaguzi, nasi tukaenda Ol Kalou tukakaa miezi kumi na mmoja. Kila Jumatano saa nane Gordon alipiga simu. Hakuwa na maneno mengi. Alisema, "Sikiliza," kisha akanyamaza, na Baba alisimama kwenye ua wa mifugo, simu sikioni, akisikiliza maji yakigonga mbao. Wajomba zangu walidhani amechanganyikiwa. Mwezi wa Desemba tukarudi Kisumu tukaanza upya. Hakuna aliyetulazimisha. Baadaye Baba akanunua kiwanja Kisian, akajenga, na Mama alipofariki mwaka wa 2019 tukamzika pale. Kwa hiyo hakuna aliyeuliza Baba angezikwa wapi.

Mimi nilikwenda nao majini mara moja tu, Jumatano moja ya Februari 2023. Goti la Baba lilikuwa limeanza kumsumbua, hawezi kuvuka ukingo wa mashua bila kushikwa. Tulimkuta Mzee Gordon pale Dunga, amekaa kwenye mashua na ile kofia yake ya bandarini iliyofifia.

"Nyar Ndirangu," akaniita, maana yake binti wa Ndirangu, "leo umekuja kuchunga mzee ama umekuja kunichunga mimi?"

"Nimekuja kushika goti lake, Baba Akinyi."

"Goti ni yake. Ashike mwenyewe."

Lakini yeye ndiye aliyeingia majini mpaka magotini, akampokea Baba kwa makwapa, akamkalisha kama mtu anayeweka chini kikapu cha mayai.

Upepo ulikuwa mdogo. Tulipita matete, halafu miti mikubwa ya Milimani na mapaa yanayochungulia kati ya matawi, halafu bandari ikafunguka mbele yetu. Hakukuwa na shughuli. Meli mbili zimefungwa gatini, moja imeanikwa mashati kwenye kamba. Minandi wamesimama juu ya reli wamekunjua mabawa yakauke. Mlinzi alikuwa anasoma gazeti kivulini, akainua mkono bila kuinua macho, kwa sababu alijua ni akina nani. Gugumaji lilikuwa limesogea upande mwingine wiki ile, na maji yalikuwa wazi, rangi ya chai ya maziwa.

"Pale," Baba akanionyesha, "ndipo huyu alipofanya kazi miaka ishirini na miwili. Mpaka leo sijaona kitu alichotengeneza."

"Ile meli ilizama?" Mzee Gordon akauliza.

"Haikuzama."

"Basi ndiyo hiyo nilitengeneza."

Baba akafungua bakuli lake. Ndani kulikuwa na kamongo wa kukaanga, samaki mwenye umbo la nyoka. Akamsogezea rafiki yake, akijua vizuri kwamba Wasabato hawali samaki wa aina hiyo.

"Onja kidogo, Jaduong', mzee wangu."

"Toa hiyo nyoka kwa mashua yangu. Haina magamba."

Baba akanigeukia. "Waithera, umeona wapi mambo haya? Kwetu Ol Kalou samaki hatukujua hata kumtazama. Nimekuja huku nikafundishwa kula na watu wake, sasa nakula peke yangu. Mjaluo wa Dunga anaogopa samaki!"

"Siwezi kufundishwa na mtu anayepumzika siku ya kwanza ya wiki. Umechoka na nini, na kazi hujafanya?"

"Siku ya kwanza ndiyo Bwana alifufuka. Ninyi mlikuwa bado mmelalia uchovu wa Sabato."

Walianza kucheka kabla sentensi haijaisha. Niliona hayo maneno yameshasemwa mara mia na bado hayajachuja. Mzee Gordon alikuwa na chupa yake ya maji moto na ndimu, kwani Msabato hanywi majani ya chai. Baba alikuwa na chai yake ya tangawizi. Kila mmoja akajimiminia.

Karibu na gati ya mafuta upepo ukalegea kabisa. Tanga likaning'inia. Nilingoja mmoja wao achukue kasia, hakuna aliyelichukua. Walikaa. Baba alikuwa ameshika ukingo wa tanga kati ya vidole viwili, anapitisha kidole gumba juu ya mshono polepole, macho yake yako mbali, upande wa vilima vya Riat. Mzee Gordon alikuwa amefumba macho. Muda ukapita. Mimi nilikuwa na wateja wananipigia simu, nikauliza kama tumekwama.

"Tumefika," Baba akasema.

"Kila wiki tunafika hapa," Mzee Gordon akasema bila kufumbua macho. "Ni mbali sana."

Nikazima simu. Tulikaa pale, nadhani, karibu saa nzima. Tulisikia mtu akigonga chuma mahali fulani ndani ya bandari, anagonga, anapumzika, anagonga. Sauti ya mji ilitufikia ikiwa ndogo kama redio ya jirani. Tangu Baba aondoke, nikilala mchana hiyo ndiyo saa inayonirudia, na nikiamka nabaki kitandani kidogo nikitamani iendelee. Namshukuru Mungu kwamba goti lake liliuma, la sivyo nisingeiona.

Mwaka uliofuata, 2024, moyo wake ukaanza kuchoka. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi. Daktari akamkataza kwenda majini. Jumatano ya mwisho, mwezi wa Julai, nilimpeleka Dunga kwa gari. Mzee Gordon alikuwa ameshaivuta mashua mpaka kwenye mchanga mkavu na kuiwekea mawe pembeni isiyumbe. Akamsaidia Baba kupanda. Wazee wawili wakakaa ndani ya mashua juu ya nchi kavu, tanga limeshushwa, mpaka saa kumi. Wachuuzi wa samaki walipita wakiwasalimu. Hakuna aliyecheka.

Alifariki mwezi wa Agosti, Jumatatu ile niliyoieleza. Mchana wake nilikwenda Dunga kumwambia Mzee Gordon mwenyewe, sikutaka aambiwe kwa simu. Alikuwa anaranda ubao. Aliweka randa chini, akauliza ilikuwa saa ngapi. Nikamwambia. Akasema, "Asante kwa kuja na miguu yako," akakaa juu ya ule ubao, nami nikakaa naye.

Nilipofika Kisian nikakuta familia imekusanyika. Ndegwa alikuwa ameshafika kutoka Nakuru, na Baba Mdogo Karanja, mdogo wake marehemu, alikuwa kwenye simu kutoka Ol Kalou. Wakauliza tuzike lini. Mimi ndiye niliyesema Jumamosi ya wiki inayofuata. Wote wakakubali mara moja. Kwa watu wa huku na kwa watu wa Nyandarua pia, mazishi ni Jumamosi. Jumanne mabango yenye picha yake yalikuwa yamechapishwa, na kwaya ya Ol Kalou imeambiwa ijiandae. Nimekulia kati ya wale wazee wawili, utani wa Sabato nimeusikia tangu sijaota meno ya pili, na bado ni mimi niliyeitaja siku hiyo.

Sikulitambua kosa langu mpaka Jumatano, nilipompelekea Mzee Gordon bango. Alilisoma akiwa amelinyoosha mbali na macho. Akalikunja mara nne.

"Jumamosi," akasema.

"Baba Akinyi, nisamehe. Sikufikiri."

"Hapana, nyathina, mtoto wangu. Watu wanazikwa Jumamosi. Nitakuwa kanisani, nitamwombea."

"Huwezi kuja hata kusimama tu?"

"Kusimama naweza. Kusimama si kazi. Lakini nikija nisimame kando na mikono nyuma, nitakuwa mgeni. Kwa kaburi ya Ndirangu mimi si mgeni. Mimi nataka kushika koleo. Na Sabato sishiki koleo. Sijashika tangu nibatizwe, hata kwa ndugu yangu sikushika."

Hakuomba tubadilishe. Angeomba ningeona afadhali. Alinisindikiza mpaka barabarani akizungumza habari za mvua.

Njia nzima nilikuwa nasali. Jioni ile Baba Mdogo Karanja alikuwa amefika, na mzee wa kanisa letu, Bwana Wandera, alikuwa amekuja kwa maombi. Baada ya amina nikasimama nikasema nataka siku ya mazishi ibadilishwe.

"Ibadilishwe kwa nini?" Baba Mdogo akauliza.

Nikaeleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akavua miwani.

"Mabasi mawili yamepangwa. Kwaya imeomba ruhusa. Watu mia mbili. Wewe unataka tuwaambie wakae nyumbani kwa ajili ya mzee mmoja wa mashua?"

"Ndiyo, Baba Mdogo."

"Basi Ijumaa, kama ni mambo ya Sabato. Watu wataomba ruhusa siku moja."

Ijumaa ingetosha, najua. Ningekubali pale mambo yangeisha. Lakini mdomo wangu ukasema Jumatano.

"Jumatano! Tuzike katikati ya wiki kama watu wasio na kazi?"

"Baba alifunga duka Jumatano miaka thelathini na minane," nikasema. "Wewe mwenyewe ulikuwa unalalamika. Ukipiga simu siku hiyo humpati. Kila mtu aliyemjua alijua Jumatano yuko wapi na yuko na nani. Mimi ndiye niliyekosea kusema Jumamosi. Naomba nirekebishe kosa langu."

Bwana Wandera alitazama Biblia yake. Akasema kanisa halina neno, siku yoyote ni ya Bwana. Baba Mdogo akamgeukia Ndegwa, kwa kuwa ndiye kifungua mimba na neno ni lake.

"Mimi niliondoka nyumbani zamani," akasema Ndegwa. "Waithera ndiye aliyekuwa naye. Iwe Jumatano, baada ya hiyo Jumamosi."

"Sawa," akasema Baba Mdogo, akivaa miwani. "Lakini ukiona viti vitupu, usije ukanililia mimi."

Asubuhi nikampigia Mzee Gordon. Nilimwambia siku na saa tu. Akasema, "Nitakuja mapema," akakata.

Viti vilikuwa vitupu kweli. Kutoka Ol Kalou lilikuja gari moja dogo badala ya mabasi mawili, na kwaya haikuja. Tuliimba wenyewe, akina mama wa kanisa letu na majirani wa Kisian, na wavuvi wachache wa Dunga waliokuja na Mzee Gordon. Nilipotazama mahema yale makubwa na watu wachache ndani yake nilimwona Baba Mdogo akitazama vilevile, nikainamisha kichwa. Sikujuta, ila iliuma.

Ulipofika wakati wa marafiki kusema, Mzee Gordon alisimama akiwa na koti jeusi na tai. Alisema maneno machache sana.

"Ndirangu hakujua kuogelea. Miaka hiyo yote hakujifunza. Kila Jumatano aliingia kwa mashua yangu akijua hivyo. Ni hayo tu."

Akarudi kukaa.

Mchungaji alisoma zaburi, tukasali, jeneza likateremshwa kando ya kaburi la Mama. Ndegwa alitupa udongo wa kwanza, mimi nikafuata, kisha Janice na wajukuu. Mzee Gordon akavua koti, akampa binti yake Akinyi alishike, akachukua koleo. Vijana walitaka kumpokea baada ya muda mfupi, kwa kuwa ana miaka sabini na sita na jua lilikuwa kali. Ndegwa akawaambia, "Mwacheni." Alijaza, akaegemea mpini akapumua, akajaza tena. Hapo Baba Mdogo Karanja akakunja mikono ya shati, akachukua koleo la pili, akasimama upande wa pili wa kaburi. Wakawa wanapokezana, mmoja anatia, mwingine anatia, mpaka udongo ukafika juu, ndipo wakawaachia vijana watengeneze mwinuko.

Tuliweka mashada, mchungaji akatoa baraka. Watu wakaenda kunawa na kula. Mzee Gordon alinawa mikono kwenye bomba la nyuma ya nyumba, akavaa koti lake, akatuaga mmoja mmoja. Ilikuwa saa tisa na robo, saa ambayo kila Jumatano yeye na Baba walikuwa majini.